Mita 88 za "Sheli": Venye Mawe ya Tope Yalimaliza Doo ya Chama Chetu Isiolo

Wasee, kuna karatasi moja niko nayo kejani Bulla Pesa, ndani ya droo ya TV. Ni ukurasa mmoja tu, umekunjwa mara nne. Upande wa kushoto kuna kina cha kisima kwa mita. Upande wa kulia kumeandikwa rigi ilipita kwa nini: mita 0 hadi 12, udongo. Mita 12 hadi 30, mchanga. Halafu kutoka mita 30 mpaka mita 118 kuna neno moja pekee: "sheli".

Mita 88, neno moja. Na hilo neno lilitumalizia chapaa yote ya chama.

Si sheli ya kuwekea nduthi mafuta, tuelewane. Hii ni sheli ya wanajiolojia, yaani mwamba wa tope unaopasuka kwa karatasi karatasi. Kama hujawahi kuskia, usijali. Hata mimi sikuwa najua, na ndio maana nililipa.

Rada ilikuwa hivi. Kiangazi cha 2020 hadi 2023 kilitunyorosha huku kaskazini. Mvua ilikataa misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha, na mzigo wa nyasi ukawa dhahabu. Mbogi yetu ya wasee tisa ikaona mchongo hapo: tuchimbe kisima upande wa Merti, karibu na Ewaso Ng'iro, tufunge pampu ya sola, tupande nyasi ya ng'ombe, tuuze. Tulichanga miezi kumi na nne. Jina la mwenye rigi siweki hapa, na si ati namwogopa. Nitakwambia baadaye kwa nini.

Maji yalitoka. Tukapiga mapicha, tukapost. Wiki ya kwanza yalikuwa safi kabisa. Wiki ya tatu yakaanza kukaa chai ya maziwa. Mwezi wa nne pampu ikanyamaza. Fundi alipoivuta juu, ndani kulikuwa kumejaa unga laini wa kijivu, na impela zimelika ni kama mtu amezipiga msasa. Chini ya kisima, mita kadhaa zilikuwa zimezibwa na huo huo unga.

Na kuna bili. Kwa mkataba, mita moja ya mwamba ilikuwa bei ya juu kuliko mita moja ya udongo. Sheli ni mwamba. Kwa hivyo tulilipia mita 88 kwa bei ya mwamba.

Hapo ndio cuzo yangu akaingia. Alisomea jiolojia campo, na swali lake la kwanza halikuwa kuhusu pampu. Aliuliza, "Sampuli ziko wapi?" Kumbe ni kawaida ya kazi ya kisima kuchukua konzi ya kile kinatoka chini kila baada ya mita chache na kuweka kwa mifuko yenye imeandikwa kina. Kwa bahati mmoja wetu alikuwa amezihifadhi, si kwa akili, ni vile alitaka kutengeneza video ya "safari ya kisima chetu". Cuzo akazipanga zote kwa sakafu ya sitting room, mathee akiangalia tu bila kusema kitu. Halafu akachukua kipande cha mita 75, akakipangusa, akakiuma.

Ninakwambia nilidhani amepagawa.

Mashapo ni yale ya kikombe

Tuanzie mbali kidogo. Kahawa ya kuchemsha ikikaa, kuna kile kitu kinabaki chini ya kikombe. Hayo ni mashapo. Mto unafanya hivyo hivyo, ila kwa ukubwa. Ewaso Ng'iro inatoka Nyandarua na Mlima Kenya, inapita Archers Post ikiwa kahawia, inateremka polepole hadi kinamasi cha Lorian. Ikiwa na nguvu inabeba kokoto na mchanga. Ikichoka inaangusha vizito kwanza, na vile vidogo kabisa vinaendelea na safari mpaka maji yasimame. Tabaka linakalia tabaka, uzito unakamua maji, madini yanashikanisha chembe, na baada ya miaka mingi sana tope linakuwa jiwe.

Hapa Isiolo town usisumbuke kutafuta. Town imekalia mawe ya zamani sana yaliyopikwa kwa joto na kugandamizwa huko chini, pamoja na lava kutoka Nyambene. Mashapo yenye maana yako ukishuka, Merti na kuendelea.

Sasa, ukichukua miamba yote ya mashapo duniani, zaidi ya nusu ni hii ya chembe ndogo. Ndio mingi zaidi, na ndio watu wanaipatia muda kidogo zaidi. Mchanga unauona kwa macho, chokaa unaiwekea asidi inachemka. Lakini tope lililogeuka jiwe? Yote inakaa kijivu, yote inaboesha. So mtu anaandika "sheli" anaenda kula lunch.

Mpaka unachorwa na saizi

Mwaka wa 1922 Mmarekani anaitwa Chester Wentworth alitoa kipimo cha saizi za chembe ambacho wanajiolojia bado wanatumia. Kwa kipimo chake mchanga unaishia 1/16 ya milimita, yaani 0.0625. Hiyo ni karibu na unene wa unywele wako. Chini ya hapo mpaka 1/256 ya milimita, kama 0.004, inaitwa silti. Chini ya hapo tena ni mfinyanzi, chembe ambazo macho hayaoni hata ukikodoa.

Wahandisi wa barabara na majengo kwa kawaida huweka mpaka wa mfinyanzi kwa 0.002, kwa hivyo ukiona ripoti mbili zinabishana kuhusu udongo wa shamba moja, huenda hakuna mwenye anadanganya. Angalia kwanza kila mmoja ametumia mpaka gani.

Kuna mtego mwingine hapa na cuzo alinirudilia mara tatu. "Mfinyanzi" ni neno lenye kazi mbili. Kuna mfinyanzi wa saizi, yaani chembe yoyote ndogo ya kutosha. Na kuna mfinyanzi wa madini, familia ya madini yenye umbo la vijikaratasi, yale yanateleza, yanashika maji, na mengine yanavimba. Kama unatoka mtaa wenye udongo mweusi wa pamba, ule unapasuka ukikauka mpaka unaweza kutumbukiza mguu, na mvua ikinyesha unainua sakafu ya nyumba, hao ndio madini ya kuvimba wakiwa kazini. Silti kwa upande wake mara nyingi ni kwatzi, yaani ni mchanga tu ambao umesagwa ukawa mdogo sana.

Na hiyo ndio sababu ya kuuma mawe. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwa kile kipimo cha ugumu wa madini, na ngozi ya jino lako ni kama 5. Kwa hivyo silti ikiingia kati ya meno inakwaruza, krr krr, hata kama ulimi hauskii chembe. Mfinyanzi unateleza kama siagi. Wamama wenye wamewahi kutafuna odowa wakiwa na mimba wanajua ile hisia ya jiwe laini linayeyuka mdomoni bila kukwaruza. Daktari hapendi hiyo tabia, na mimi sikwambii uianze, ila meno yao yanajua kitu chenye mimi sikujua.

Onyo kabla hujaenda kuuma kila kitu: konzi inayotoka kwa rigi inaweza kuwa na dawa za kuchimbia na grisi. Chukua kipande kutoka katikati, kioshe, uma kidogo na meno ya mbele, tema.

Kipande cha mita 75 kilikwaruza. Cha mita 40 kiliteleza. Kwa karatasi yetu, vyote viwili ni "sheli".

Theluthi tatu

Mgawanyo wenye cuzo alitumia ni wa Robert Folk, mwalimu wa chuo kikuu cha Texas, na ni rahisi kuliko hesabu ya kugawana bili kwa kibanda. Unaangalia ile sehemu laini ya mwamba. Kama zaidi ya theluthi mbili ni silti, unaitwa mwamba wa silti. Kama zaidi ya theluthi mbili ni mfinyanzi, ni mwamba wa mfinyanzi. Ikiwa uko katikati, hakuna mwenye ameshinda, unaitwa mwamba wa tope.

Halafu ndio unauliza swali la pili, na ni swali tofauti kabisa: je, unapasuka kwa tabaka nyembamba? Ukigonga, unafunguka kama kurasa za kitabu kilicholoa? Kama ndio, hapo sasa unaruhusiwa kusema sheli. Sheli ya silti, sheli ya tope, sheli ya mfinyanzi. Kama haipasuki hivyo, inavunjika mabonge mabonge, si sheli hata ikiwa kijivu namna gani.

Kwa nini zingine zinapasuka na zingine hazipasuki? Vile vijikaratasi vya madini ya mfinyanzi vikizikwa chini ya mzigo mkubwa vinalala vyote upande mmoja, kama deki ya karata. Hapo ndio mwamba unapata njia ya kufunguka. Lakini kama wakati lile tope lilikuwa bado bichi kulikuwa na minyoo na wadudu wanachimba humo ndani, walikoroga kila kitu na karata zikachanganyika. Kwa hivyo sheli nzuri ya kufunguka mara nyingi ni dalili ya maji yaliyotulia, yenye hewa kidogo, ambako hakukuwa na mtu wa kukoroga.

Huku kwetu ya kuona kwa macho si rahisi, lakini ukienda Mombasa, Miritini na Changamwe si stage za matatu pekee. Kuna sheli ya Miritini na sheli ya Changamwe kwa ramani za jiolojia, tope la bahari la enzi za dinosaria. Next time umekwama jam ya Changamwe, angalia kuta za mahali barabara imekatwa.

Sasa nimtetee mwenye rigi kidogo. Kuna sababu neno "sheli" linatupwa ovyo. Kwanza, ile tabia ya kufunguka mara nyingi inaonekana vizuri mwamba ukishakaa juani na mvuani. Huko chini ukiwa mbichi unaweza kuonekana bonge moja. Pili, rigi inasaga. Unachopata juu ni vipande vya saizi ya maharagwe ama matope tu, na huwezi kujua kitabu kilifungukaje kama umepewa majivu yake. Tatu, hata wasee wa mafuta wenyewe wanasema "sheli" kwa karibu kila mwamba wa chembe ndogo. Kwa hivyo mimi naamini jamaa alikuwa mvivu, si mwizi. Ndio maana jina lake limebaki kwangu.

Na hapo kwa mafuta

Merti si mgeni wa rigi. Mwaka wa 2009 kuingia 2010, kampuni ya Uchina CNOOC ilichimba kisima cha mafuta kinaitwa Bogal-1 kwa hizo nyanda, kikapita mita 5,000 kwenda chini. Watu walikuwa wameshaanza kuhesabu mabilioni. Mafuta ya kuuza hayakupatikana. Miaka miwili baadaye, Machi 2012, Turkana ikapata kwa Ngamia-1 na Kenya nzima ikaruka.

Kile hakikuimbwa sana ni kwamba hadithi ya Lokichar ni hadithi ya tope. Kulikuwa na ziwa. Mimea midogo na viumbe vya majini vilikufa, vikazama kwa tope la chini lisilo na hewa, havikuoza. Tope likawa mwamba wa rangi nyeusi nyeusi unaitwa sheli ya Lokhone, ukazikwa, ukapikwa na joto la ardhi, ukatoa mafuta. Mafuta yakapanda, yakaingia kwa mwamba wa mchanga. Na kitu chenye huzuia mafuta ya namna hii kupanda mpaka juu yapotee ni tabaka lingine la mwamba wa chembe ndogo. Aina moja ya mwamba inapika na aina hiyo hiyo inafunika sufuria.

Rangi inakusaidia hapo. Nyeusi mara nyingi inamaanisha mabaki ya viumbe. Nyekundu ni chuma iliyopata hewa ikashika kutu. Kijani na kijivu ni mahali hewa ilikuwa kidogo. Lakini rangi ni tabia, si ukoo. Usiite mwamba sheli kwa sababu ni mweusi.

Maji yako hapo, lakini hayatoki

Turudi kwa kisima chetu, maana hapa ndio doo ililala.

Chini ya Merti, kupitia Habaswein hadi Dadaab na kuvuka kuingia Somalia, kuna hazina kubwa ya maji inaitwa jina la Merti yenyewe. Kambi za Dadaab zimekuwa zikinywa humo tangu zifunguliwe miaka ya tisini mwanzoni. Katikati maji ni matamu, pembeni yana chumvi. Na imekaa ndani ya matabaka ya mchanga, silti na mfinyanzi yaliyopangana kama sandwichi, mengine hata hayajawa mawe kamili.

Mfinyanzi una ajabu moja. Unaweza kuwa umejaa maji kuliko mchanga, na bado ukakunyima hata kikombe, kwa sababu nafasi zake ni ndogo hivi kwamba maji yanang'ang'ania kuta. Mchanga unatoa. Silti iko katikati na ndio msaliti: inatoa maji kidogo, lakini inakuja nayo. Ukiweka bomba lenye matundu mbele ya silti bila kokoto za kuchuja za saizi inayofaa, pampu itavuta maji pamoja na silti. Ukiweka mbele ya mfinyanzi, umetoboa bomba bure. Ukiweka mbele ya mchanga na ukafunga kwingine na bomba zima, hapo uko sawa.

Jamaa wetu aliandika sheli kote, kwa hivyo kwa akili yake hakukuwa na tofauti ya kuheshimu. Aliweka matundu kutoka mita 60 mpaka chini.

Cuzo alisoma ile mifuko siku mbili. Kando na meno, alifanya vitu viwili vingine, na hivi unaweza kujaribu hapo kwenu. Cha kwanza, tumbukiza kipande kikavu kwa glasi ya maji uangalie. Vyetu vingi viliporomoka kuwa uji kabla chai haijachemka. Jiwe halisi halifanyi hivyo. Huo ni udongo uliogandamizwa, ungali njiani kwenda kuwa mwamba. Kwa lugha ya mkataba wetu: bei ya udongo.

Cha pili, chupa. Ponda kipande kikawa unga, weka kwa chupa ya plastiki yenye maji na sabuni kidogo ya unga ili chembe zisishikane, tikisa sana, halafu weka chini. Mchanga unalala ndani ya dakika moja hivi. Silti inachukua kama saa mbili kulala. Mfinyanzi unabaki unaelea, maji yanakaa na wingu mpaka kesho ama keshokutwa. Pima tabaka na rula, unapata theluthi zako. Si maabara, na jiwe lililoshikana na chokaa ama simiti ya asili halitakubali kupondeka hivyo, lakini kwa vitu vyetu vya Merti ilitosha. Kujua kama kuna chokaa, dondoshea siki ama, kama una mtu wa maabara, asidi hafifu; ikitoa povu, kuna chokaa ndani.

Hesabu yake ilitoka hivi: mita 30 hadi 46 mfinyanzi mtupu. Mita 46 hadi 71 mchanganyiko, tope la katikati. Mita 71 hadi 84 silti, na hapo ndipo unga wa pampu ulitoka. Mita 84 hadi 96, mchanga laini. Mita kumi na mbili za mchanga, wasee, zilikuwa hapo wakati wote. Mita 96 mpaka 118 ndio pekee ilikuwa jiwe la kweli, mwamba wa silti, mgumu, hauporomoki kwa maji. Na haukupasuka kwa kurasa hata sehemu moja. Kwa ile mifuko yote hakukuwa na kipande hata kimoja cha kuitwa sheli.

Niliuliza kama inafaa ningejua haya kabla. Cuzo akanijibu kwamba mimi si lazima nijue, ila ningeuliza nani anasoma mwamba. Kenya iko na sheria ya kusajili wanajiolojia tangu 1993, na kisima kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ripoti kikikamilika. Sisi tulikuwa na kibali. Ripoti tuliona ni karatasi ya kumaliza kazi, tukasaini kwa bonnet ya pickup, jua kali, kila mtu anataka kurudi town kabla ya giza.

Fundi mwingine alikuja na kompresa, akapuliza ule unga wote, akashusha bomba jembamba ndani ya lile la zamani, matundu mita 84 hadi 96 pekee, na kokoto nyuma yake. Maji yanatoka kidogo kuliko mwanzo. Ni safi. Nyasi ya kwanza tumekata, haikufika hata robo ya ile tulikuwa tumepiga hesabu, lakini tumekata.

Kuhusu zile mita 88, tuko kwa mazungumzo. Mwenye rigi amekubali kuja Isiolo na msee wake wa kuangalia mwamba. Mifuko iko chini ya kitanda changu, imeandikwa upya na kalamu isiyofutika, na mathee ameshauliza mara mbili wageni wakija tutawapikia nini, na kama hao pia watauma mawe kwa sakafu yake.